Angola ya Pwani, Angola ya Uwanda wa Juu

Angola ni nchi ya kilomita za mraba 1,246,700. Inaizidi Tanzania kwa karibu theluthi moja, na anayetaka kuelewa vita vyake vya miaka 27 aanze na ardhi yenyewe kabla hajafika kwa viongozi. Magharibi kuna ukanda wa pwani ya Atlantiki, mwembamba na mkavu, ambao kusini unageuka jangwa kabisa. Hapo ndipo zilipo Lobito, Luanda na Benguela, na hiyo miwili ya mwisho Wareno waliikalia tangu zama za biashara ya watumwa. Ukitoka pwani kwenda bara unapanda milima mpaka kwenye uwanda wa juu wa Huambo na Bié, wenye baridi, mvua ya kutosha na mashamba ya mahindi. Hapa ni nyumbani kwa Waovimbundu, kabila kubwa kuliko yote nchini. Kaskazini wako Wakongo, ndugu wa wale wa ng'ambo ya mpaka. Almasi ziko Lunda, kaskazini-mashariki. Mafuta yako baharini, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilitoka Cabinda, kipande cha nchi kilichotengwa na ardhi ya Kongo. Kusini-mashariki kuna nyika pana yenye watu wachache mno, ambayo Wareno waliiita nchi ya mwisho wa dunia.

Hata chakula kinafuata mgawanyo huo. Ugali wao, funje, huko Luanda na kaskazini husongwa kwa unga wa muhogo. Ukipanda Huambo unakuta wa mahindi.

Vyama vitatu vilivyopigania uhuru viliota kila kimoja katika sehemu yake. MPLA ya Agostinho Neto, daktari na mshairi, ilikuwa na mizizi Luanda na kwa Wambundu wanaoizunguka. FNLA ya Holden Roberto ilikuwa ya Wakongo wa kaskazini, ikilelewa na Mobutu, rais wa Zaire, kutoka Kinshasa. UNITA ilianzishwa mwaka 1966 na Jonas Savimbi, aliyezaliwa Munhango, kituo kidogo cha reli ya Benguela ambako baba yake alifanya kazi ya reli na kuhubiri Injili. Nguvu ya UNITA ilikuwa uwanda wa juu. Mapinduzi ya Aprili 1974 mjini Lisbon yalipouangusha utawala wa kidikteta wa Ureno, vyama hivyo vilikuwa vimeshapigana vyenyewe kwa vyenyewe msituni kwa miaka kadhaa.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa karibu na jaribio la kuvipatanisha. Mwanzoni mwa Januari 1975 viongozi watatu walikutana Mombasa, wakiwa wageni wa serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, wakakubaliana kwenda kwa Wareno wakiwa na sauti moja. Siku chache baadaye wakatia saini makubaliano ya Alvor, yaliyopanga uhuru uwe tarehe 11 Novemba. Serikali ya mpito iliyotokana nayo ilivunjika kwa risasi mitaani Luanda. Mwezi Juni Kenyatta aliwaita tena, safari hii Nakuru, wakaahidi tena kuweka silaha chini. Ahadi ile haikumaliza hata mwezi. Mwezi Julai MPLA iliwafukuza wapinzani wake Luanda, na Wareno zaidi ya laki tatu wakaanza kuihama nchi.

Kufikia Novemba MPLA ilikuwa na mji mkuu na si zaidi ya hapo kwa uhakika. Kutoka kusini jeshi la Makaburu wa Afrika Kusini lilikuwa limevuka mpaka mwezi Oktoba na lilikuwa likipanda upesi kwa magari ya deraya. Kutoka kaskazini alikuwa anakuja Holden Roberto na wapiganaji wake, wanajeshi wa Zaire, mamluki wa Kireno na mizinga michache ya Afrika Kusini. Alitaka aingie Luanda kabla ya usiku wa uhuru. Kati yake na mji kulikuwa na Quifangondo.

Mahali hapo panastahili kutazamwa kwa karibu. Ni mwendo wa gari usiofika saa moja kutoka katikati ya Luanda. Mto Bengo unapita chini, na pembeni kuna vinamasi, kiasi kwamba anayetoka kaskazini hana pa kupita ila barabara moja nyembamba. Aliyeshika vilima vya upande wa Luanda anaiona barabara hiyo yote. Tena hapo ndipo palipokuwa na mitambo ya kusukumia maji ya mji, hivyo atakayepachukua ana Luanda mkononi hata kabla hajaiingia. Asubuhi ya tarehe 10 Novemba 1975 msafara wa Roberto ulishuka kwenye barabara hiyo mchana kweupe. Askari wa MPLA na Wakuba waliokuja kuwasaidia walikuwa wanawasubiri juu vilimani na mitambo ya kurusha roketi kwa mkupuo. Magari ya mbele yaliteketea, ya nyuma yakakosa nafasi ya kugeuka, na FNLA haikuinuka tena kama jeshi. Usiku wa manane Neto alitangaza uhuru mjini Luanda. Huko Huambo UNITA na FNLA walitangaza jamhuri yao, ambayo hakuna nchi iliyoitambua.

Wakuba waliendelea kumiminika. Mapema mwaka 1976 walikuwa wanajeshi wapatao 36,000, na Makaburu wakarudi nyuma hadi ng'ambo ya mpaka mwezi Machi. MPLA ilikuwa imeshinda pwani. Wengi nje ya Angola walidhani imeshinda na nchi.

Savimbi alirudi msituni, akajenga makao yake Jamba, kwenye pembe ya mbali ya kusini-mashariki, akisaidiwa na Afrika Kusini na baadaye na Marekani. Serikali ya Luanda ilikuwa na majeraha yake ya ndani: jaribio la uasi la tarehe 27 Mei 1977 lilifuatiwa na mauaji ya maelfu ya wanachama na vijana wa MPLA yenyewe. Neto alifia Moscow mwaka 1979, akarithiwa na José Eduardo dos Santos. Miaka ya themanini ikawa ya mabomu ya kutegwa ardhini, madaraja yaliyovunjwa na reli iliyokufa. Reli ya Benguela, kilomita 1,344 kutoka Lobito mpaka Luau mpakani mwa Kongo, ilikuwa njia fupi kuliko zote ya kupeleka shaba ya Katanga na Zambia baharini. Ilipofungwa mwaka 1975, sehemu ya mzigo huo ilielekezwa mashariki, kwenye reli ya TAZARA na bandari ya Dar es Salaam.

Ndipo tunafika kwenye vita ambavyo kila mtu amevisikia. Mwaka 1987 jeshi la serikali, FAPLA, likiongozwa na mipango ya washauri wa Kisovieti, liliteremka kuelekea Mavinga ili kuikaribia Jamba. Kwenye mto Lomba, kati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, Makaburu walilisubiri na kulivunja. Brigedi ya 47 ilitawanyika na kuacha vifaru vyake mchangani. Waliobaki walirudi nyuma hadi Cuito Cuanavale, mji mdogo wenye uwanja wa ndege na daraja. Fidel Castro hakuwa ameupenda mpango wa Wasovieti, lakini aliona kwamba mji huo ukianguka jeshi lote bora la Angola litaanguka nao, akatuma askari na ndege zake zilizo bora. Mizinga ya Afrika Kusini yenye uwezo wa kupiga umbali wa kilomita 40 iliupiga mji kwa miezi. Shambulio la mwisho, tarehe 23 Machi 1988 upande wa mashariki wa mto, lilikwama kwenye mabomu ya kutegwa na mvua ya makombora.

Ubishi wa nani alishinda haujaisha. Makamanda wa Kikaburu wanasema hawakuwa na nia ya kuuteka mji. Tuwaache waseme, mashambulizi yao yalikwama, na huku wakiwa wamekwama pale Wakuba walishusha kikosi kikubwa upande wa kusini-magharibi hadi karibu na mpaka wa Namibia. Mwezi Juni ndege zao zilipiga bwawa la Calueque, wakafa askari kadhaa wa Kikaburu. Pretoria ikaona gharama. Tarehe 22 Desemba 1988 mjini New York yakasainiwa makubaliano: Namibia iwe huru, Wakuba waondoke Angola. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Nchi za SADC zina haki ya kuiadhimisha tarehe 23 Machi.

Lakini naomba msomaji aangalie kilichotokea Angola kwenyewe. Cuito Cuanavale iliwafungulia majirani mlango. Kwa Waangola haikuamua lolote kati ya pwani na uwanda wa juu. Iliwaondoa wageni tu, na wenye nyumba wakabaki wanatazamana, kila mmoja na silaha zake. Mwezi Mei 1991 yalisainiwa makubaliano ya Bicesse, na Septemba 1992 watu wakapiga kura kwa wingi wa kushangaza, zaidi ya asilimia 90 ya walioandikishwa. Dos Santos alipata asilimia 49.57, Savimbi 40.07, na kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu ilipasa kuwe na duru ya pili. Majeshi mawili yalikuwa hayajanyang'anywa silaha. Savimbi alidai ameibiwa kura, akaondoka Luanda. Mwishoni mwa Oktoba mapigano yalilipuka mjini humo, na kwa siku tatu wafuasi wa UNITA waliwindwa nyumba kwa nyumba. Makamu wake, Jeremias Chitunda, aliuawa akijaribu kutoka mjini.

Vita vilivyofuata ndivyo vilivyowaua raia wengi kuliko vyote vilivyotangulia. Kwanza Huambo: siku 55 za mapigano mtaa kwa mtaa, mpaka UNITA ilipouchukua mji Machi 1993 na maelfu wakakimbia kwa miguu kuteremka Benguela. Kisha Kuito, makao makuu ya mkoa wa Bié. Usiuchanganye na Cuito Cuanavale; Kuito uko katikati kabisa ya uwanda wa juu, na kwangu mimi ndio mji unaobeba maana ya vita hivi.

UNITA iliuzingira Kuito kuanzia Januari 1993 kwa miezi tisa. Mstari wa mapambano ulipita katikati ya mji, kwenye barabara kuu, askari wa serikali wakiwa upande huu wa lami na wa UNITA upande wa pili, wanapigana dirisha kwa dirisha. Chakula kilikwisha. Ilipoonekana kwamba hakuna ndege itakayotua, raia walianza kutoka usiku kwa makundi, wakisindikizwa na askari wachache, kwenda kwenye mashamba yaliyokuwa nyuma ya adui kutafuta mahindi na muhogo. Kwenda na kurudi walipita juu ya mabomu yaliyotegwa. Wengine hawakurudi, wengine walirudi bila miguu. Makaburi yalikuwa hayafikiki, kwa hiyo watu walizika maiti zao uani na bustanini, na baada ya vita walilazimika kuwafukua ili wazikwe upya kwa heshima. Mwaka ule Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 1,000 wanakufa kila siku Angola kwa vita, njaa na maradhi. Kuito haukuanguka. Wakazi wake wengi walikuwa Waovimbundu, watu ambao Savimbi alisema anawapigania, na mizinga iliyowapiga ilikuwa yake. Tangu hapo madai yake ya kuusemea uwanda wa juu yalikuwa na shimo ambalo hakuweza kuliziba.

Mengine yaliamuliwa na pesa. Serikali iliuza mafuta na kununua silaha pamoja na mamluki wa Afrika Kusini, baadhi yao wakiwa askari waliowahi kuipiga FAPLA miaka michache nyuma. UNITA iliuza almasi za Lunda. Huambo ulirudi mikononi mwa serikali Novemba 1994, na mwezi huohuo ukatiwa saini mkataba wa Lusaka, ambao nao ulikufa polepole. Mobutu alipoanguka Mei 1997 Savimbi alipoteza njia ya nyuma. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa viliifikia biashara yake ya almasi, na mwaka 1999 ngome zake za Andulo na Bailundo zilitekwa. Jeshi la serikali lilihamisha watu kwa nguvu kutoka vijijini ili wapiganaji wakose pa kula. Mateso yale yalikuwa makubwa, na hayaandikwi vya kutosha na walioshinda.

Savimbi aliuawa tarehe 22 Februari 2002 mkoani Moxico, mkoa uleule alikoianzishia UNITA. Wiki sita baadaye, tarehe 4 Aprili, majenerali wa pande mbili walitia saini amani. Wapiganaji walitoka msituni na wake na watoto wao wakiwa wamekonda kwa njaa. Waliokufa tangu 1975 wanakadiriwa kufika nusu milioni, na watu wapatao milioni nne walikuwa wameyahama makwao.

Reli ya Benguela ilijengwa upya na Wachina, ikaanza tena kufika Luau, na shaba ya Kolwezi, huko Kongo, inashuka Lobito. Mabomu yanaendelea kuteguliwa. Mwaka 2021 Rais João Lourenço aliomba radhi kwa niaba ya dola kwa mauaji ya 1977. Na katika uchaguzi wa Agosti 2022 MPLA ilishinda kwa asilimia 51 dhidi ya 44 za UNITA. Luanda, mji ambako wafuasi wa UNITA waliwindwa mwaka 1992, uliipa UNITA ushindi mkubwa, wakati Huambo na Bié zilikwenda kwa MPLA. UNITA ilipinga matokeo, ikapeleka malalamiko Mahakama ya Katiba, ikashindwa, na wabunge wake wakaenda bungeni kuapishwa.