Páipéir Bhána agus Páipéir Bhreaca

Páipéir Bhána agus Páipéir Bhreaca (yaani "Karatasi Nyeupe na Karatasi Zenye Madoa") ni mhadhara wa mwandishi Máirtín Ó Cadhain wa Ireland. Aliutoa mwaka 1969 kwa mwaliko wa Cumann Merriman, chama cha utamaduni, nao ukachapishwa kama kijitabu mwaka huohuo. Madoa yanayotajwa ni maandishi: karatasi nyeupe haijaandikwa kitu, yenye madoa imekwisha kuandikwa. Humo Ó Cadhain anaeleza jinsi alivyofikia kutunga hadithi fupi kwa Kiayalandi, lugha ya Kigaeli ya nchi yake.

Ó Cadhain alizaliwa mwaka 1906 karibu na An Spidéal, pwani ya magharibi, katika jamii ya wakulima wadogo waliosema Kiayalandi. Alisomea ualimu Dublin akafundisha shule za msingi, lakini mwaka 1936 alifukuzwa kazi kwa sababu ya uanachama wake katika jeshi la siri la IRA.

Chanzo cha hadithi

Mkusanyiko wake wa kwanza, Idir Shúgradh agus Dáiríre ("Kati ya Mzaha na Kweli", 1939), bado una sauti ya ngano zinazosimuliwa kando ya moto. Mhadhara unataja kilichombadilisha: hadithi ya Mrusi Maksim Gorki aliyoisoma katika tafsiri ya Kifaransa. Aliona kwamba watu wa Gorki walifanya kazi zilezile za watu wa kwao, ila kwa majina mengine, na kwamba yeye pia angeweza kuandika hivyo. Jambo hili linastahili kuangaliwa, kwani mara nyingi Ó Cadhain hutajwa kama mtoto wa mapokeo ya simulizi tu. Mwenyewe anasema urithi mkubwa aliopewa na wazee wake ni usemi wao. Umbo la hadithi alilikuta mbali na kwao.

Matunda yake yanaonekana katika An Braon Broghach ("Tone Lenye Tope", 1948), kitabu kilichotoka miaka minne baada ya yeye kuachiwa kutoka kambi ya Curragh, alikozuiliwa bila kesi mwaka 1940 hadi 1944 na kuwafundisha wafungwa wenzake Kiayalandi. Katika hadithi moja Bríd anatembea usiku hadi mji wa Galway, akibeba mzigo wa siagi na mayai ya kuuza. Katika nyingine mama anamfungia bintiye sanduku la safari ya Marekani. Katika An Taoille Tuile, Mairéad aliyerudi kutoka Marekani na kuolewa anakwenda ufukweni wakati wa bamvua kukata mwani, na hapo anagundua kwamba mikono yake imeisahau kazi hiyo. Hakuna shujaa wala jini. Kuna uchovu, baridi na hesabu ya fedha kidogo.

Hofu ya lugha

Sehemu nzito zaidi ya mhadhara inahusu lugha yenyewe. Ó Cadhain anakiri kwamba ni vigumu mtu kufanya kazi yake bora katika lugha inayoelekea kufa kabla yake. Hata hivyo hakuhamia Kiingereza, ingawa alikijua vizuri. Mwaka 1967 alitoa An tSraith ar Lár, iliyopata tuzo ya Butler, na mwaka 1970 An tSraith Dhá Tógáil. Ya tatu, An tSraith Tógtha, ilitoka mwaka 1977. Sraith ni safu ya nyasi zilizofyekwa, na majina hayo matatu yanaifuata safu hiyo: imelala chini, inainuliwa, imeinuliwa.

Alifariki Dublin tarehe 18 Oktoba 1970, akiwa profesa wa Kiayalandi katika Trinity College. Wasomaji wasiojua lugha hiyo walipata kitabu kizima cha hadithi zake fupi kwa Kiingereza mwaka 1981, kwa tafsiri ya mshairi Eoghan Ó Tuairisc.