Kitasa cha Mlango wa Pikapu Kikikwama: Matengenezo na Wajibu wa Chama

Pikapu ya chama cha msingi hubeba pembejeo kwenda kwa wakulima, hubeba magunia ya mazao kwenda ghalani, na siku ya malipo yaweza kubeba fedha za wanachama pamoja na daftari zao. Kwa sababu hiyo kitasa cha mlango wake si pambo. Mlango usiofungika humkaribisha mwizi. Mlango usiofunguka huhatarisha maisha ya dereva na abiria endapo gari litapinduka au kushika moto. Hata hivyo si jambo geni kuona pikapu ambayo mlango wake umefungwa kwa kamba, na dereva akiingilia upande wa abiria, miezi mingi baada ya kitasa kukwama.

Aghalabu hali hiyo hutokana na imani kwamba kitasa kilichokwama kimekufa, na hapana budi kinunuliwe kingine, au hata mlango mzima. Mara nyingi sivyo. Kitasa hukwama kwa vumbi, kwa grisi iliyokauka, au kwa kishikizo kidogo cha plastiki kilichovunjika. Pikapu za zamani, kama Toyota Hilux za kwanza zilizoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968, hazikutegemea umeme kufunga milango yake. Kazi yote hufanywa na vyuma na springi. Fundi mwenye zana za kawaida aweza kuitengeneza, mradi asitumie nguvu mahali panapohitaji subira.

Jinsi kitasa kinavyofanya kazi

Ukingoni mwa mlango umo ulimi wa kitasa. Mlango ukifungwa, ulimi huo hukamata chuma kilichofungwa kwenye nguzo ya gari. Mkono wa nje na mkono wa ndani huunganishwa na kitasa kwa vijiti vyembamba vya chuma vinavyopita ndani ya mlango. Kijiti kingine hutoka mahali pa ufunguo, na kingine hutoka kwenye kitufe cha kufungia. Ncha za vijiti hushikwa na vishikizo vya plastiki, ambavyo hukauka na kuvunjika baada ya kukaa miaka mingi juani.

Kutambua ugonjwa kabla ya kutibu

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, yafaa fundi asikilize na kupapasa. Dalili kubwa ni nne.

Kwanza, mkono wa mlango ukivutwa ukaja mlegevu, pasipo uzito wowote, basi kijiti kimechomoka au kishikizo chake kimevunjika. Kitasa chenyewe chaweza kuwa kizima kabisa.

Pili, mkono ukiwa mgumu na usirudi mahali pake, basi kuna grisi iliyoganda, kutu, au springi iliyokatika.

Tatu, ufunguo ukiingia lakini usizunguke, basi mahali pa ufunguo pamejaa vumbi au ufunguo umelika. Ijaribiwe nakala ya ufunguo iliyotumika kidogo kabla ya kulaumu kitasa.

Nne, kitasa kikifanya kazi vizuri mlango ukiwa wazi, lakini kikwame mlango ukifungwa, basi ulimi haukutani sawasawa na chuma cha nguzo. Mlango wazi ushikwe ukingoni na kuinuliwa kidogo. Ukicheza juu na chini, bawaba zimelika na mlango umeshuka. Hapo kubadili kitasa hakutaleta faida yoyote.

Kufungua mlango uliokwama

Mlango uliokwama hali umefungwa usipigwe nyundo wala kutanguliwa kwa mtaimbo. Mtu mmoja avute mkono wa mlango, na mwingine ausukume mlango ndani na nje polepole karibu na kitasa, ili uzito uondoke kwenye ulimi. Mafuta membamba ya kupenya kutu yaweza kutiwa kwenye upenyo wa mlango na kuachwa kwa muda kabla ya kujaribu tena.

Isipowezekana, kioo kipandishwe hadi juu, kisha ubao wa ndani wa mlango uondolewe kwa uangalifu. Katika baadhi ya magari mkono wa kupandishia kioo hushikwa na skrubu. Katika mengine hushikwa na waya uliopindwa kama kwato ya farasi, uliojificha nyuma yake. Kitambaa chembamba kikipitishwa nyuma ya mkono huo na kuvutwa huku na huku, waya huchomoka. Nyuma ya ubao huwa na karatasi ya nailoni. Isichanwe, kwani ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Kupitia matundu yaliyomo, fundi aweza kusukuma kijiti au kitasa chenyewe mpaka mlango ufunguke. Avae glavu, maana kingo za bati ni kali.

Kusafisha na kurudisha

Kitasa hushikwa na skrubu zilizo ukingoni mwa mlango, na aghalabu skrubu hizo huwa zimekaza kwa kutu. Bisibisi lazima iwe ya kipimo chake. Iliyo ndogo huharibu kichwa cha skrubu, na kazi ya saa moja hugeuka kuwa ya siku nzima. Kabla ya kuchomoa vijiti, vichorwe kwenye karatasi, kila kimoja na mahali pake.

Kitasa kikishatoka, kioshwe kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, mbali na moto. Petroli isitumike, kwa kuwa mvuke wake hushika moto upesi. Kikikauka, sehemu zinazosuguana zipakwe grisi nyepesi kidogo tu, kwani grisi nyingi hukusanya vumbi. Mahali pa ufunguo pasitiwe grisi wala oili ya injini. Patiwe unga wa grafaiti. Ukikosekana, ufunguo usuguliwe kwa penseli laini, kisha uingizwe na kutolewa mara kadhaa.

Kishikizo kilichovunjika kibadilishwe. Kufunga kijiti kwa waya ni msaada wa njiani tu, kwa maana waya hulegea na kijiti huanguka tena. Ikiwa chuma cha nguzo kinahitaji kusogezwa, kwanza mahali pake pazungushiwe alama ya penseli, kisha kisogezwe kidogo kidogo.

Kabla ubao haujarudishwa, kitasa kijaribiwe mlango ukiwa wazi. Ulimi usukumwe kwa bisibisi mpaka ujifunge, kisha ufunguliwe kwa mkono wa nje, kwa mkono wa ndani, na baada ya kufungwa na kufunguliwa kwa ufunguo. Yarudiwe mara kumi. Ulimi uachwe wazi kabla ya kufunga mlango, la sivyo utagonga chuma cha nguzo. Hatimaye mlango ufungwe na majaribio yote yarudiwe.

Wajibu wa katibu na kamati

Dereva ndiye anayeijua kasoro mapema, lakini katibu ndiye anayepaswa kuiona imeandikwa. Siku mkono wa mlango unapoanza kuwa mzito, dereva aandike katika kitabu cha gari, na katibu atie sahihi. Matengenezo ya siku hiyo huenda yakahitaji mafuta ya taa na grisi tu. Yakicheleweshwa, dereva huvuta kwa nguvu zaidi, kijiti hupinda, mkono hukatika, na gharama huongezeka kwa fedha za wanachama.

Gari likipelekwa gereji, hati ya kazi ionyeshe kasoro iliyoonekana, vipuri vilivyobadilishwa na bei ya kila kimoja. Kipuri cha zamani kirudishwe chamani na kuwekwa mpaka hesabu zikaguliwe. Stakabadhi iliyoandikwa "matengenezo ya mlango" pasipo maelezo haimwezeshi mwanachama kujua kama alilipia kishikizo cha plastiki au mlango mzima. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Funguo nazo zina hesabu yake. Nakala moja ikae kwa dereva, nyingine ifungiwe ofisini, na kila anayeichukua atie sahihi. Nakala mpya ichongwe kwa kufuata ufunguo usiolika, kwa sababu ufunguo uliolika huzaa ufunguo mwenye kasoro ile ile. Ufunguo ukipotea, kamati ijulishwe mara moja na mahali pa ufunguo pabadilishwe kabla gari halijabeba tena fedha au mazao.

Yafaa kila chama kikague milango yote ya pikapu yake kabla ya msimu wa ununuzi kuanza, ndani na nje, kwa mkono na kwa ufunguo. Kamba yoyote iliyofungwa mlangoni iondolewe siku hiyo, na gari lisipakie abiria wala fedha mpaka kitasa kimetengenezwa.