Kuipima Kona ya Balambala kutoka Angani

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka Balambala, nchini Kenya, kwenda hospitali kuu ya Garissa hupita njia inayoandamana na Mto Tana, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya udongo. Dereva wa ambulensi anakimbizana na saa, lakini kila kona ina mwendo wake, na ukiuzidi gari linatoka nje.

Kona hizo zinaweza kupimwa bila mtu kufika. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupiga picha kutoka kilomita 786 juu, na picha zake hutolewa bure. Udongo mtupu wa barabara hung'aa kuliko vichaka vya pembeni, kwa hiyo kompyuta huifuata barabara hiyo na kuichora kwa nukta.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya upili. Unganisha nukta mbili za kona kwa mstari mnyoofu, tuseme wa mita 100, kisha upime barabara imebinuka kiasi gani kutoka katikati ya mstari huo. Ikiwa ni mita 12.5, kona hiyo ni kipande cha duara lenye nusukipenyo cha mita 106 hivi. Tukichukua mshiko wa matairi na mwinamo wa barabara kuwa jumla ya 0.2, gari linahimili takriban kilomita 52 kwa saa. Kwenye changarawe iliyolegea, ni pungufu zaidi.

Hapa ndipo penye hatari. Pikseli moja ya Sentinel-2 ina upana wa mita 10. Kompyuta ikikosea kwa pikseli moja tu na kusoma mita 2.5, nusukipenyo kinaruka hadi mita 501, na kona ileile inaonekana salama kwa kilomita 113 kwa saa! Kosa kama hilo linaua. Ndiyo maana wataalamu hutumia nukta nyingi badala ya tatu, au picha za kulipia zinazoonyesha hata nusu mita.

Tatizo jingine ni kwamba njia zenyewe huhama. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilileta mafuriko Garissa na kukata barabara, na njia ya udongo ikikatika, madereva huchonga nyingine kando. Ramani ya Balambala basi inahitaji picha mpya kila baada ya masika na vuli, na mtu wa kwenda kuzihakiki kwa jipiesi zile kona kali zaidi kabla ya ambulensi kuzitegemea.