Shangazi wa Lunga Lunga

Kwa muda wa miaka saba tulikuwa tukisema kwamba shangazi yetu "yuko nchi nyingine", na maneno hayo yalitutosha kuwa udhuru. Yeye ni dada wa marehemu baba yetu, ameolewa Lunga Lunga, upande wa Kenya, nasi ni wakazi wa Tanga. Arusi za Korogwe hatukuzikosa hata moja. Lunga Lunga, ambako ni karibu kuliko Korogwe, tulikuogopa kwa ajili ya mpaka.

Hatimaye, siku moja ya Alhamisi, tulitoka nyumbani baada ya Sala ya Alfajiri pamoja na watoto wawili, tukiwa na hati za kusafiria, kadi za chanjo ya homa ya manjano na chakula cha kutosha hata kulala njiani. Ndivyo tulivyokuwa tumetahadharishwa: foleni, maswali, na kupekuliwa mabegi hata jua litue. Barabara ya lami kutoka Tanga hadi Horohoro ni kama kilomita 65. Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja tu, upande ule anaouingia. Tulisimama, tukagongewa mihuri, tukabadilisha fedha, tukaondoka. Mtoto wetu mdogo aliuliza mpaka wenyewe uko wapi, nasi tulishindwa kumwonyesha. Mstari huo ulichorwa kwa mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, ukianzia mdomo wa Mto Umba, ukawaacha Wadigo huku na huku.

Tulimkuta shangazi ameketi barazani juu ya mkeka. Macho yake yamepungua nuru. Tulipomwamkia alinyamaza kidogo, kisha akaitikia kwa kutaja jina la marehemu baba, kwa kuwa sauti zetu zafanana na yake. Tukaanza kumweleza habari za mpaka na shida zake. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Wanangu, lau ningekufa jana, leo mngekuwa hapa kabla ya adhuhuri."

Hatukuwa na jibu. Siku tuliyofiwa na baba, yeye alifika Tanga kabla jeneza halijatoka nyumbani, na alipita katika mpaka huohuo.

Ilipoingia adhuhuri tulijiandaa kupunguza sala na kuikusanya na alasiri, kwani je, hatukuwa tumevuka nchi? Binamu yetu, ambaye husomesha chuoni, alituzuia kwa upole. Alituuliza kutoka Tanga mpaka pale ni kilomita ngapi. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, safari ya kupunguza sala ni ya marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa leo huzikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi. Jambo hilo limo katika Safina, kitabu tulichokisoma utotoni, nasi tulikuwa tumelisahau. Muhuri wa uhamiaji haumo katika hesabu hiyo. Mtu wa Tanga akienda Korogwe hupunguza; akija Lunga Lunga hapunguzi, maana hajafika mbali. Basi tulisali rakaa nne kamili nyuma ya binamu, na shangazi akatufuata kwa kuketi. Tuseme kweli, rakaa zile zilitulemea kuliko zote tulizowahi kusali safarini.

Tulikula wali wa nazi na samaki, tukazungumza mpaka alasiri. Wakati wa kurejea, ofisa wa uhamiaji alitazama mihuri, akauliza kama tumesahau kitu nyumbani hata tukarudi siku ileile. Kabla ya magharibi tulikuwa Tanga, na chakula tulichofunga kwa safari tulikila nyumbani.

Shangazi alitupa kanga moja kwa ajili ya binti yetu mkubwa, ambaye tulimwacha nyuma kwa sababu ya mitihani. Ameagiza kwamba shukrani zisiletwe kwa simu. Mitihani inamalizika wiki ijayo.