Bonde la Kerio kwa baiskeli: Zoezi zuri la moyo, lakini chunga breki na jua

WATU wengi mijini hununua baiskeli kwa nia njema. Daktari amewaambia wapunguze uzani, au shinikizo la damu limepanda, au wamechoka kuketi ofisini kutwa na kurejea nyumbani kwa matatu. Baada ya wiki mbili baiskeli imeegemezwa ukutani, ikipata vumbi. Wanalalamika kwamba barabara za mjini zimejaa magari na hazina cha kutazama.

Kwa watu kama hao, barabara ya lami inayotoka Iten kwenda Kabarnet kupitia Bonde la Kerio inaweza kuwa dawa. Upande mmoja kuna ukuta wa mawe na misitu ya Elgeyo, upande wa pili milima ya Tugen, na katikati Mto Kerio ukielekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Sakafuni mwa bonde kuna Hifadhi ya Kitaifa ya Rimoi, makao ya ndovu. Ni vigumu mtu kuchoshwa na mandhari hayo.

Hata hivyo, dawa yoyote ina kipimo chake. Bonde hili limewashinda watu waliodhani kwamba kuteremka ni starehe tu.

Mlima unaoanzia kileleni

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ukifika daraja la Mto Kerio, utakuwa umeshuka zaidi ya mita 1,000. Hapo ndipo penye mtego. Anayepanda mlima wa kawaida hutoa jasho mwanzo, na akichoka hugeuka na kuteremka. Bondeni mambo ni kinyume. Unashuka asubuhi ukiwa na nguvu, bila kukanyaga pedali sana, kisha unatakiwa kupanda wakati miguu imechoka na jua liko utosini.

Isitoshe, hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazoshuka. Mtu aliyeondoka Iten akitetemeka kwa baridi ya alfajiri hujikuta saa chache baadaye katika nchi ya migunga na mawe yanayochoma.

Kwa sababu hiyo, usiulize, "Nimeshuka kilomita ngapi?" Jiulize, "Nimebakisha nguvu za kupanda?"

Njia tatu za kuchagua

Anayeanza asiingie bondeni siku ya kwanza. Aanze na barabara ya Eldoret hadi Iten, ambayo ni zaidi kidogo ya kilomita 30. Ina vilima vidogo vidogo vya kupanda na kushuka, na huupa mwili nafasi ya kuzoea. Katika mwinuko wa Iten, kila pumzi huingiza takriban robo tatu tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata Mombasa. Mgeni kutoka pwani atahema hata kwenye tambarare, na hiyo si ishara ya ugonjwa. Ajipe siku mbili tatu za mazoezi mepesi kwanza.

Njia ya pili ni kutoka Iten hadi Tambach na kurudi. Tambach imekaa kama kwenye rafu, katikati ya ukuta wa bonde. Safari hii ni fupi, lakini kupanda kwake ni mtihani wa kutosha kwa moyo na mapaja. Mtu akishindwa, Iten haiko mbali.

Njia ya tatu ni ya waliozoea. Unapita Tambach, unashuka hadi Biretwo, unavuka Mto Kerio penye korongo la Cheploch, ambako vijana hujirusha majini kutoka juu ya miamba, kisha unapanda milima ya Tugen hadi Kabarnet. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo kutoka mtoni unakabiliwa na mwinuko wa mamia ya mita. Afadhali kulala Kabarnet na kurudi kesho yake, au kupanga gari la kukuchukua, kuliko kujaribu kwenda na kurudi siku moja.

Kuhusu Rimoi, barabara za ndani si za baiskeli yenye matairi membamba. Usiingie kabla ya kupata idhini na maelekezo ya askari wa wanyamapori langoni. Baiskeli haina mlio, na ndovu anayeshtushwa na kitu ambacho hakukisikia kikija ni hatari.

Kushuka kwataka akili

Ajali mbaya za baiskeli hutokea watu wakiteremka. Mwezi Agosti 2022, Suleiman Kangangi, mmoja wa waendesha baiskeli hodari zaidi waliowahi kutoka Kenya, alifariki baada ya kuanguka kwa kasi kubwa katika mashindano jimboni Vermont, Marekani. Ikiwa bingwa aliyekomaa anaweza kupatwa na mkasa kama huo, mwanagenzi hana budi kujihadhari.

Usishike breki mfululizo kutoka juu hadi chini. Rimu hupata moto, na moto huo unaweza kupasua tyubu. Bana breki zote mbili kabla ya kufika kwenye kona, punguza mwendo, ziachie, kisha ubane tena. Kwenye kona yenyewe, tazama kule unakotaka kwenda, wala si kwenye ukingo unaouogopa. Simama mara kwa mara unyooshe vidole na kuacha rimu zipoe. Kofia ya kinga ni lazima, tena ifungwe kidevuni.

Kumbuka pia kwamba malori na matatu hutumia kona hizo hizo, na mbuzi huvuka bila kutoa ishara. Msimu wa mvua, mawe na udongo huweza kuporomoka barabarani. Aprili 2020, maporomoko ya ardhi yaliua watu katika eneo la Chesegon, kaskazini mwa bonde. Mvua kubwa ikinyesha usiku, ahirisha safari.

Faida kwa moyo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au mazoezi mazito kwa dakika 75 hadi 150. Kupanda kilima kwa baiskeli kunahesabika kuwa zoezi zito. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, misuli hutumia sukari iliyo kwenye damu, na shinikizo la damu hupungua pole pole kwa anayeendelea na mazoezi bila kukoma. Faida nyingine ni kwamba magoti hayabebi uzito wote wa mwili kama yafanyavyo mtu anapokimbia.

Kipimo rahisi cha mwendo ni maongezi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wako ni wa wastani. Ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu, zoezi limekuwa zito. Anayeanza akae katika kiwango cha kwanza, atumie gia nyepesi na kuacha miguu izunguke haraka, badala ya kusukuma gia nzito huku magoti yakilia. Kiti nacho kiwe na urefu unaofaa, yaani pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na waliopitisha umri wa miaka 40 bila kufanya mazoezi, wamwone daktari kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini abebe kitu kitamu, kwa sababu sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baada ya safari.

Maji, kivuli na dalili za hatari

Katika joto la bonde, mtu anaweza kutokwa na jasho la kuanzia nusu lita hadi zaidi ya lita moja kwa saa. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo, usingoje kiu kikali. Lakini kunywa maji matupu kupita kiasi pia ni hatari, kwani hupunguza chumvi mwilini. Unaweza kuchanganya lita moja ya maji safi na vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mwenzako akianza kuyumba, kutapika au kuongea ovyo huku mwili ukiwa moto, huenda joto limempiga. Mlaze kivulini, mmwagie maji na kumpepea, huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitalini bila kuchelewa. Hospitali kubwa ziko juu, Iten na Kabarnet. Kifua kikibana, au maumivu yakienda hadi mkononi au kwenye taya, shuka baiskeli papo hapo na utafute msaada.

Sakafuni mwa bonde kuna mbu wa malaria. Anayelala huko atumie chandarua, na akipata homa baada ya kurudi mjini amweleze daktari alikokuwa.

Mwisho, sehemu za kaskazini mwa bonde zimewahi kukumbwa na wizi wa mifugo na mashambulizi ya bunduki. Uliza polisi na wenyeji kuhusu hali kabla ya kuondoka, na usiende peke yako.

Ondoka Iten mapambazuko, beba tyubu ya ziada na pampu, na ujiwekee saa ya kugeuka. Saa hiyo ikifika, geuka, hata kama mto unauona pale chini. Hakuna aibu kupanda juu ya gari la kubeba mboga pamoja na baiskeli yako. Lengo ni afya, nayo haitafutwi siku moja. Juma lijalo bonde litakuwa pale pale.