Ushindi Usioleta Furaha

Uchungu wa kushindwa twaujua sote. Timu yetu ikifungwa, twarudi nyumbani kimya, na hata chakula hakina ladha. Lakini uko uchungu mwingine usiosemwa mara nyingi: uchungu wa mtu ambaye timu yake imeshinda, naye asiweze kushangilia. Ubao wa alama wasema: tumeshinda. Moyo wasema: la, tumeponea chupuchupu. Je, mtu huyo ni mkosa shukrani, ama ameona jambo ambalo ubao hauwezi kulionyesha?

Tutazame mfano mmoja wa nchi ya Marekani. Huko vyuo vikuu vina mchezo wao wa mpira, nao hupendwa kupita kiasi. Mpira wenyewe si wa mviringo kama wetu. Umechongoka pande mbili, nao huchukuliwa mikononi. Wachezaji 11 kwa kila upande hushindania ardhi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isogee mbele yadi 10, yaani mita 9 hivi. Isipoweza, mpira huenda kwa wapinzani. Anayeufikisha mpira ng’ambo ya mstari wa mwisho huipatia timu yake alama 6, na teke la nyongeza huleta alama 1. Kijana mmoja, mrushaji, hupokea mpira karibu kila mara, naye ndiye autupaye mbali, au aukabidhiye kwa mkimbiaji, au akimbiaye nao mwenyewe. Akiutupa vibaya na mpinzani akaudaka, kazi yote imepotea.

Siku ya Akron

Chuo Kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, kina kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1927, chenye nafasi ya watu zaidi ya 107,000. Tarehe 7 Septemba 2013, watu zaidi ya 115,000 walisongamana humo, wakaiona Michigan ikiishinda Notre Dame, mpinzani wake wa zamani, kwa alama 41 kwa 30. Furaha ilikuwa kubwa, na waandishi wa magazeti wanaopanga timu bora za nchi wakaiweka Michigan katika nafasi ya 11.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 14, ilikuja Akron, timu ya chuo cha jimbo la jirani, Ohio. Katika mwaka 2010, na 2011, na 2012 pia, Akron ilicheza michezo 12 kila mwaka ikashinda mmoja tu. Kwa hiyo hakuna aliyeiogopa. Wenyeji walikuja kama watu waendao karamuni, wakiwa na watoto wao.

Kumbe karamu iligeuka. Mpaka mapumziko Michigan ilikuwa na alama 7 tu, na Akron 3. Mrushaji wa Michigan, Devin Gardner, aliyesifiwa sana juma lililotangulia, aliutupa mpira mikononi mwa wapinzani mara tatu. Mmoja wao akakimbia nao hata mstari wa mwisho. Katika dakika za mwisho Akron ikatangulia, 24 kwa 21. Michigan ikajikaza, ikapata alama nyingine zikiwa zimebaki dakika chini ya tatu: 28 kwa 24. Hata hapo mambo hayakwisha. Akron ikasonga mbele hatua kwa hatua, mpaka ikabakiza yadi chache tu kuufikia mstari wa ushindi. Jaribio la mwisho, mrushaji wa Akron akasongwa na walinzi, mpira ukaanguka chini. Saa ikaisha.

Kwa nini kukasirika?

Mtu wa nje ataweza kuuliza: Mwataka nini zaidi? Ushindi ni ushindi, nao huandikwa vivyo hivyo katika hesabu ya mwaka. Neno hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Alama zatueleza yaliyopita leo. Namna ya kucheza yatupa habari ya kesho. Mwenye nyumba aliyeona ukuta umepata ufa, hawezi kufurahi kwa kuwa mvua ya jana haikuuangusha. Waandishi wa magazeti nao waliona hivyo: Michigan ilikuwa imeshinda, walakini wakaishusha kutoka nafasi ya 11 mpaka ya 15.

Na kesho ikaja upesi. Tarehe 21 Septemba, Michigan ilicheza na timu ya chuo cha Connecticut, nayo timu dhaifu mwaka ule. Mpira ukapotezwa tena na tena kama juma lililopita. Michigan ilikuwa nyuma 21 kwa 7, ndipo ikainuka na kushinda 24 kwa 21. Mashabiki wakapumua mara ya pili, lakini ufa ulikuwa ule ule. Baadaye walikutana na timu zenye nguvu, na ukuta ukaanguka. Mwaka ukaisha kwa michezo 7 ya kushinda na 6 ya kushindwa. Basi wale walionung’unika siku ya Akron hawakuwa wakosa shukrani.

Hata hivyo tusifanye haraka kudhani kwamba kila ushindi wa shida ni ishara ya maanguko. Tarehe 18 Novemba 2023, Michigan hiyo hiyo ilicheza na chuo cha Maryland. Ilitangulia 23 kwa 3, kisha ikalegea mpaka tofauti ikawa alama 5 tu, nayo ikashinda 31 kwa 24. Huo ulikuwa ushindi wake wa 1,000 tangu ianze kucheza, na wengi waliupokea kwa kukunja uso. Lakini juma moja baadaye iliishinda Ohio State, mpinzani wake mkubwa, 30 kwa 24. Na tarehe 8 Januari 2024 ikawa bingwa wa nchi nzima kwa kuishinda Washington 34 kwa 13.

Hasira yenye kipimo

Twaona basi kwamba ushindi usioridhisha ni swali, wala si hukumu. Jibu hutolewa katika mazoezi ya juma linalofuata. Shabiki ana haki ya kuuliza swali hilo, tena kwa sauti. Hulipa fedha ya kuingia, husafiri mbali, na jina la chuo chake ni kama jina la ukoo wake.

Lakini akumbuke anaulizwa nani. Wale ni vijana wa miaka 18 mpaka 22 hivi, wenye masomo ya kushika. Mwaka 2013 hawakuruhusiwa kulipwa mshahara kwa mchezo wao. Tangu mwaka 2025 tu vyuo vimeruhusiwa kuwagawia sehemu ya mapato. Kumwambia kijana kwamba ameutupa mpira vibaya ni kumsaidia. Kumtukana yeye na wazazi wake kwa sababu ya mpira huo ni aibu ya mtukanaji.

Kwa hiyo, siku timu yako itakapoponea chupuchupu, wapigie makofi vijana waliojikaza mpaka dakika ya mwisho, kisha uulize bila kuogopa: Ufa huu utazibwa lini?