Habari za Bomba la Moshi la Pikipiki

Wengi wenu mna pikipiki nyumbani, nanyi msio nayo mwapanda ya jirani. Siku hizi chombo hiki ndicho miguu ya mwalimu, tena ndicho shamba la kijana achukuaye abiria. Kwa hiyo hatuoni haya kusema habari za kitu kidogo kama bomba la moshi, lile ambalo mafundi huliita ekzosi. Kitu hicho kidogo kimetutia hasara ya fedha, na nusura kitutie hasara ipitayo fedha.

Pikipiki yetu tuliinunua kwa mtu, hapa Tanga, nayo ilikuwa imekwisha tumika miaka mitatu. Bomba lake lilikuwa la kromu, lakini limefifia, tena lina vitone vya kutu mfano wa punje za ulezi. Basi Jumamosi moja tukaketi chini ya mwembe, tukatwaa mchanga na majivu na makumbi ya nazi, tukalisugua bomba lile kama mama zetu walivyotufundisha kusugua sufuria. Likang'aa hata tukaona nyuso zetu ndani yake. Tuliingia ndani tukioga jasho, tena tukijisifu. Masika yakaja yakapita, na vile vitone havikuwa vitone tena. Vilikuwa mabaka mekundu yaliyovimba, na ukiyagusa kwa ukucha, kromu yabanduka kama ganda la kitunguu.

Kosa letu lilikuwa kudhani ya kuwa bomba ni sawasawa na sufuria. Sufuria ni madini moja tangu nje hata ndani. Ukikwangua juu, chini yake iko sufuria ile ile. Bomba sivyo. Mwili wake ni chuma cha kawaida, kiwezacho kushika kutu kama jembe lako. Juu ya chuma kile hupakwa nikeli kwa nguvu za umeme, unene wake labda sehemu 2 katika 100 za milimita. Tena juu ya nikeli ndipo huja kromu, nayo mara nyingi haizidi sehemu 3 au 5 katika 10,000 za milimita. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko ngozi hiyo zaidi ya mara 100. Nasi tuliisugua kwa mchanga!

Kromu yenyewe si kitu cha kale sana. Mfaransa mmoja, Louis-Nicolas Vauquelin, aliigundua mwaka 1797 katika jiwe jekundu la risasi lililotoka Siberia, ikaitwa kwa neno la Kiyunani lenye maana ya rangi, kwa sababu chumvi zake zina rangi nyingi nzuri. Lakini kazi ya kuvika vyombo ngozi ya kromu haikuenea viwandani mpaka miaka ya 1920. Kabla ya hapo vyombo vya kung'aa vilivikwa nikeli peke yake, nayo hufifia na kugeuka manjano. Kromu haififii upesi, kwa maana ikutanapo na hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando ule ukikwaruzwa kidogo hujirudisha wenyewe. Lakini ngozi ile ina vitundu na nyufa ndogo mno tangu siku ilipotengenezwa. Humo ndimo maji na chumvi vipitamo hata kuifikia nikeli, na nikeli ikiisha kutobolewa, chuma chaanza kuliwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilichokuwa, kwa hiyo huvimba na kuiinua kromu iliyo juu yake. Ndiyo sababu sisi tukaao pwani, ambao hewa yetu ina chumvi usiku na mchana, mabomba yetu hufa mbele ya yale ya wenzetu wa Dodoma.

Sasa tuseme namna ya kulisafisha. Kwanza bomba liwe limepoa kabisa, na neno hili hatulisemi kwa ajili ya kromu tu. Ni kweli ya kuwa maji yakimwagwa juu ya bomba la moto hukauka palepale na kuacha madoa ya chokaa yasiyotoka kwa urahisi. Lakini iko sababu nyingine.

Jioni moja tulirudi kutoka Pangani, tukaisimamisha pikipiki uani, tukaingia ndani kunywa maji. Binti yetu, wakati ule mwenye miaka minne, alikuwa amezoea kujitazama katika bomba tangu siku ile tulipoling'arisha. Hukunja uso, hutoa ulimi, hucheka. Akaenda kama desturi yake, akaweka kiganja. Bomba la pikipiki iliyotoka safari huweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi, na maji huchemka kwa nyuzi 100. Jirani yetu, kwa wema wake, akaja mbio na dawa ya meno, nasi tukampaka mtoto mkono mzima. Muuguzi wa zahanati alipouona mkono alitikisa kichwa, kisha akatufundisha bila kutukemea. Yatupasa kuuweka mkono chini ya maji safi yatiririkayo, ya baridi ya kawaida, si ya barafu, muda wa dakika 20. Kisha kuufunika kwa kitambaa safi kisichonata, na kumleta mtoto. Dawa ya meno, mafuta, ute wa yai, unga, vyote hivi havipozi joto lililo ndani ya nyama, tena hutia uchafu kidondani, na muuguzi hana budi kuviondoa kwa kumwumiza mtoto mara ya pili. Leo vidole vyake vyanyooka vyote, ila kiganja kina baka. Tangu siku ile pikipiki yetu hulazwa bomba likielekea ukuta, na mgeni apandaye nyuma twamwambia apande na kushuka kwa upande wa kushoto, maana pikipiki nyingi bomba lake lipo kuume.

Bomba likiisha kupoa, liogeshe kwa maji mengi kwanza, bila kitambaa, mpaka matope na mchanga vianguke. Ukianza kwa kitambaa wasaga mchanga juu ya kromu, ni yale yale ya majivu yetu. Kisha tia sabuni ya maji kidogo katika ndoo, usafishe kwa kitambaa laini cha pamba, usuuze, ukaushe. Usiache likauke lenyewe. Pasipo kutu, kazi imekwisha, nayo haizidi robo saa.

Penye vitone vya kutu, chukua kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ukikunje, ukichovye majini, ukasugue polepole. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa kutu pasipo kuiumiza ngozi. Utaona maji meusi yakitoka, usiogope, yafute. Wako watumiao pamba ya chuma, ile ya kusugulia masufuria. Ile nene iacheni jikoni kwa akina mama. Ikiwa plastiki imeyeyuka juu ya bomba, labda koti la mvua au soli ya kiatu, ikwangue kwa kijiti au mwiko wa mti, usitumie kisu. Masalio yake hutoka kwa kitambaa chenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, lakini bomba liwe baridi, tena mahali pasipo moto, kwa sababu asetoni hushika moto upesi sana.

Limau na siki huondoa kutu nyepesi, lakini visuuzwe mara moja. Asidi ya betri, na dawa kali za kusafishia vyoo, msizitie kamwe. Nyingi za dawa hizo za choo zina asidi ya haidrokloriki, na asidi hiyo ndiyo hasa watumiayo mafundi wa viwandani wanapotaka kuivua kromu ya zamani wapake mpya. Tumemwona kijana aliyelisafisha bomba lake kwa dawa ya choo. Asubuhi lilimeta kama kioo. Kabla ya mwezi kuisha lilikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi.

Lakini haya yote ni ya nje, na adui mkubwa yumo ndani. Lita moja ya petroli ikiungua, hutoa maji karibu lita moja. Wengi wakisikia hivi husema twatania, nasi pia tulikataa tulipoambiwa mara ya kwanza. Walakini ndivyo ilivyo, maana haidrojeni iliyomo katika petroli huungana na oksijeni ya hewa, na muungano wao ni maji. Injini ikiwa ya moto, maji yale hutoka kama mvuke, wala huyaoni. Safari ikiwa fupi, bomba halipati moto wa kutosha, mvuke hugeuka maji na kutuama katika sailensa pamoja na asidi za moshi. Hivyo mwalimu aendaye shuleni kilometa mbili na kurudi huliua bomba lake upesi kuliko dereva wa bodaboda azungukaye mchana kutwa. Dawa yake si kitambaa. Angalau mara moja kwa juma iendesheni pikipiki mfululizo dakika 20 au zaidi, mpaka sailensa ikauke ndani. Tena tazameni chini ya sailensa. Nyingine zina tundu dogo la kutokea maji. Tundu hilo si ubovu. Sisi tulidhani limeliwa na kutu, tukaliziba kwa gundi ya chuma, na mwaka haukwisha sailensa ikatoboka kweli, kando ya mahali tulipoziba. Ngurumo yake iliwaamsha majirani, na bomba jipya lilitugharimu karibu nusu ya mshahara wa mwezi.

Rangi ya bomba nayo husema, ukiwa na macho ya kuisoma. Karibu na injini, rangi ya manjano kama majani makavu ni desturi, wala haina neno. Ikigeuka zambarau, kisha buluu, bomba lapata joto kupita kiasi: labda petroli ni chache na hewa nyingi, labda cheche inachelewa, labda hewa yaingia penye kiungo cha bomba na injini. Wako wauzao unga wa kuondoa buluu, nao huiondoa, lakini sababu isipoondolewa buluu hurudi. Fundi mmoja alitushauri tupake rangi ya fedha isionekane. Tukaenda kwa mwingine, akafungua nati mbili, akatuonyesha gasketi ya kiungo imeungua upande mmoja. Gasketi ile ni pete ndogo isiyofika bei ya kilo ya sukari, na injini ingaliweza kuharibika kwa ajili yake. Masizi makavu meusi mwishoni mwa bomba ni dalili ya petroli kuzidi. Tazama chujio la hewa kama limeziba, au kama choki imesahauliwa. Masizi yenye mafuta pamoja na moshi wa buluu ni injini kula oili, na hapo kuna kazi ya fundi, si ya sabuni.

Kromu iliyokwisha kubanduka hairudi kwa kusugua. Wako wataalamu wa kuivika upya viwandani, lakini mtu asijaribu jambo hili nyumbani kwa ndoo na betri kama vijana wengine wafanyavyo. Chumvi ya kromu itumikayo katika kazi hiyo ni sumu. Hutoboa ukuta wa pua wa wale waifanyao bila kinga, nayo huleta saratani ya mapafu. Maji yake yakimwagwa, huingia kisimani. Afadhali kukwangua kutu yote, ukapaka rangi ihimiliyo joto kali, bomba liwe jeusi na salama.

Bomba letu jipya lina miaka miwili sasa. Msimu wa masika, pikipiki ikilala siku nyingi, twalipangusa kwa kitambaa chenye oili kidogo sana, na kabla ya kuwasha twaifuta tena, maana oili ikiungua juu ya kromu huacha doa. Mwezi uliopita tuliona kitone kimoja cha kutu upande wa chini, mahali gurudumu la mbele hurusha matope. Binti yetu ndiye aliyekiona, akatuita. Bomba lilikuwa limelala baridi tangu jana. Tukampa karatasi ya alumini, akakiondoa mwenyewe.